Kabla hujalipia fremu kuukuu ya baiskeli ya mbio, kagua matundu yake

Tanga ni mji wa baiskeli. Ardhi yake ni tambarare, barabara za Ngamiani zimenyooka na kupewa namba, na mtu mzima huenda kazini, sokoni na msibani kwa baiskeli bila kuona haya. Nyingi ni zile nzito, Phoenix na wenzake, zenye breki za vyuma na keria ya kubebea gunia. Baiskeli ya mbio ya zamani, yenye mabomba membamba ya chuma na usukani uliojikunja, ni nadra kuiona. Huja moja moja kwenye kontena za mtumba, imelazwa chini ya baiskeli za watoto, na mara nyingi hufika fremu tupu kwa sababu kila kinachofunguka kimeshafunguliwa njiani.

Mimi nilitaka moja ya namna hiyo, na si ya kutundika ukutani. Nilitaka ya kupanda alfajiri ya Jumapili kuelekea Muheza, kabla malori hayajachangamka. Pesa ya baiskeli mpya ya mbio sikuwa nayo. Isitoshe, chuma nakiamini: kikipinda kinanyooshwa, kikiachia kwenye kiungo kinaungwa, na fundi wa mtaani anakielewa. Nilidhani kazi ngumu ingekuwa kusugua kutu na kupaka rangi. Kumbe kazi yote ya kufufua baiskeli huamuliwa siku unayochagua fremu. Ringi, breki, mnyororo na kiti vyote hubadilishwa. Fremu yenye kasoro iliyojificha itakula pesa zako mpaka uichukie.

Ya kwanza niliyonunua ilikuwa ya Ufaransa, ya bluu, na ncha za foku yake zilikuwa na kromu iliyokuwa bado inang'aa. Nililipa Sh 70,000. Rangi ilikuwa nzima, haikuwa na mbonyeo hata mmoja, na muuzaji aliniambia, "Kaka, hii ni mali ya Ulaya, hutapata nyingine." Hapo alisema kweli. Ekseli ya pedali na vikombe vyake, vile vinavyokazwa kwenye fremu kuishika ekseli na gololi zake, havikuwepo, nami sikuona kama ni tatizo, kwa kuwa vikombe vinauzwa kila duka la vipuri.

Nikaipeleka kwa mzee mmoja wa Ngamiani ambaye ameshika spana tangu ujana wake. Alichukua kikombe kipya cha dukani akajaribu upande wa kushoto. Kikaingia mizunguko miwili mitatu, kikakaza. Akakitoa, akakipaka grisi, akarudia, kikakaza palepale. Cha upande wa kulia hakikushika kabisa. Hakutumia nguvu. Alifuta mikono yake kwa kitambaa, akaniambia, "Mwanangu, fremu hii haitaki vikombe vyetu. Nikilazimisha nitakuharibia hesi, na ukishaharibu hesi huna fremu tena."

Siku hiyo nilijifunza jambo ambalo ningependa kila mwenye hamu ya baiskeli za zamani alijue kabla hajatoa shilingi. Lile bomba fupi la chini linalobeba ekseli ya pedali lina hesi ndani, yaani mistari ya kukazia kama ya skrubu, na hesi hizo si za aina moja duniani. Za Uingereza zina kipenyo cha inchi 1.37 na hesi 24 kwa kila inchi, upana wa bomba ni milimita 68, na kikombe cha kulia hukazwa kinyumenyume, yaani kwa kuzungusha kushoto. Za Italia ni milimita 36 kwa hesi 24, upana milimita 70, na pande zote mbili hukazwa kwa kuzungusha kulia. Za Ufaransa ni milimita 35 na nafasi ya milimita 1 kati ya hesi na hesi, nazo pia hukazwa kulia pande zote. Inchi 1.37 ni karibu milimita 34.8. Ndiyo maana kikombe cha Kiingereza kinaingia kidogo kwenye fremu ya Kifaransa, kikakupa matumaini, halafu kikakwama. Tofauti ni ndogo mno kuonekana kwa macho, lakini inatosha kukuua moyo.

Fremu nyingi za Ufaransa za kabla ya miaka ya 1980 ziko hivyo, na haziishii hapo. Shingo ya usukani wake ni milimita 22.0 ilhali za kawaida ni 22.2, na nguzo ya kiti nayo mara nyingi ina kipimo chake. Si fremu mbaya. Zimepanda milima mirefu na kushinda mashindano makubwa. Ila kwa mtu wa Tanga, anayetegemea maduka ya vipuri vya Phoenix na marobota ya mtumba, fremu ya Kifaransa inunuliwe ikiwa tu vikombe vyake, ekseli yake na shingo yake ya usukani bado vimo ndani na vinazunguka. Ile yangu nilikuja kuiuza kwa Sh 40,000 kwa kijana aliyekuwa na baiskeli ya aina hiyohiyo iliyovunjika, akahamisha vyake vyote. Vilimkaa sawasawa, nami nilifurahi kuona imepata mtu.

Jina la kiwanda nalo lisikulevye. Raleigh ya Nottingham kila mtu hapa anaijua, babu zetu waliiendesha. Lakini kwenye baiskeli nyingi za bei ya chini kiwanda hicho kilitumia hesi zake chenyewe, 26 kwa inchi badala ya 24. Aina zake za mbio za daraja la juu mara nyingi zina hesi za kawaida za Kiingereza. Kwa hiyo majirani wawili wanaweza kuwa na Raleigh, vikombe vya mmoja visiingie kwa mwenzake. Ukikuta vikombe bado vimo, vipanguse uso wake kwa kitambaa chenye mafuta ya taa: vingi vimechapwa kipimo, "1.37 x 24", au "36 x 24", au "35 x 1". Dakika moja ya kupangusa itakuokolea mwezi wa kuhangaika.

Baada ya hapo nilianza kwenda kwenye marobota na mfuko mdogo. Ndani yake mlikuwa na kamba nyembamba isiyovutika, venia ya kupimia milimita, sumaku, na kipande cha waya mgumu. Tochi ipo kwenye simu. Wauzaji wengine walinitazama kwa mashaka, wengine wakaanza kuniita fundi. Wote waliniacha nipime.

Sumaku huanza, kwa sababu fremu za alumini zimejaa kwenye kontena, na zikishapakwa rangi huwezi kuzitambua kwa kutazama, ila sumaku haizishiki. Alumini hainyooshwi kirahisi kama chuma, nayo mimi siishughulikii.

Kisha ni kidole. Pitisha kidole taratibu chini ya bomba la juu na chini ya bomba la mshazari, palepale nyuma ya bomba la usukani. Baiskeli iliyogonga ukuta au gari huacha alama hapo: kiwimbi kidogo kwenye chuma, au mstari wa rangi iliyopasuka kwa kupinda. Jicho hulipita eneo hilo, hasa kama rangi ni nyeusi, lakini kidole hakidanganyiki. Fremu yenye kiwimbi hicho iache, hata ukipewa kwa bei ya soda. Tazama na foku kwa ubavuni: miguu yake inatakiwa ifuate mstari wa bomba la usukani kisha ijipinde mbele kwa ulaini. Ikionekana imesukumwa nyuma, jua imegonga.

Halafu kamba. Ifunge kwenye kucha la nyuma la kushoto, pale ekseli inapokaa, ipeleke mbele izunguke bomba la usukani, irudi mpaka kucha la kulia, na uikaze. Sasa pima kutoka kwenye kamba hadi kwenye bomba la wima, kushoto na kulia. Vipimo vikilingana, mkia, yaani sehemu ya nyuma ya fremu, umenyooka. Tofauti ya milimita moja mbili fundi mzuri atairekebisha. Ikizidi hapo sana, kuna kisa nyuma yake.

Kutu ya juu isikutishe. Kutu ninayoihofia ni ya ndani, na sisi watu wa pwani tunaijua kwa uchungu, kwa sababu hewa ya chumvi huingia kila palipo na upenyo. Ingiza waya kwenye bomba la wima na kwenye bomba la pedali, ukwangue. Ukitoka na unga mwekundu mkavu, ni kawaida. Ukitoka na magamba, weka fremu chini. Rangi iliyovimba malengelenge karibu na viungo vya chini, pale mabomba membamba ya nyuma yanapokutana na bomba la pedali, ni dalili kwamba maji yalituama humo miaka.

Na mwisho, jaribu kuzungusha nguzo ya kiti na shingo ya usukani. Watu wengi wanaliruka jambo hili, na ndilo lenye gharama kubwa kuliko yote.

Fremu niliyoichagua hatimaye ilikuwa ya Kiingereza, ya kijani iliyopauka, haina hata jina la kiwanda kwenye bomba la mshazari. Kilichonisimamisha ni mabaki ya stika juu ya bomba la wima: Reynolds 531. Hicho ni chuma cha Birmingham, chenye mchanganyiko wa manganizi na molibdeni, kilichoingia sokoni mwaka 1935 na kikatumika kwa miongo mingi kwenye baiskeli bora. Mabomba yake yaliyofinywa huwa mazito kwenye ncha, karibu milimita 0.8 au 0.9, na membamba katikati, 0.5 au 0.6. Ndiyo siri ya wepesi wake. Lakini stika inanunulika, na hata ikiwa ya kweli soma maneno yake yote. Kuna inayosema mabomba, foku na mkia wote ni 531 wa kufinywa, na kuna inayosema mabomba makuu tu.

Ushahidi bora ni kipimo cha nguzo ya kiti. Fremu ya 531 iliyofinywa, au ya mabomba ya Columbus ya Milano ya daraja lake, mara nyingi huchukua nguzo ya milimita 27.2. Fremu ya bomba zito la kawaida, ambayo kwa nje ni ileile, mara nyingi huchukua 26 hivi au chini ya hapo, kwa kuwa ukuta wa bomba umekula nafasi. Yangu ilisoma 27.2. Makucha ya nyuma yalikuwa ya chuma cha kufua, manene, na kipande cha kufungia kihamisha giya kilikuwa sehemu ya kucha lenyewe. Kwenye fremu rahisi makucha hukatwa kwenye bati, na kihamisha giya huning'inizwa kwa kibati cha kufungwa na nati. Ukiyaona mawili hayo kwa pamoja, hata stika ikiwa imeng'oka, unajua uko mbele ya kitu gani.

Kasoro yake ilikuwa moja: nguzo ya kiti ilikuwa imegandamana. Nguzo ni ya alumini, fremu ni ya chuma, na metali hizo mbili zikikaa pamoja na unyevu wa chumvi zinalana, ule unga mweupe unavimba na kuzikaba kama saruji. Muuzaji alitaka Sh 150,000. Nilimwonyesha nguzo isiyozunguka, nikamweleza nitakachokutana nacho, akashuka mpaka 110,000. Niliinunua nikijua. Hesi zilikuwa za Kiingereza na vikombe vimo, kidole kilipita bila kukwama, kamba ilisoma sawa. Nguzo iliyoganda inatoka. Bomba lililojikunja kwa ajali halirudi kuwa jipya.

Kutoka, ilitoka kwa jasho. Tulianza kwa mafuta ya kulegeza kutu, tukimwaga kwa juu na, fremu ikiwa imepinduliwa, kwa chini kupitia bomba la pedali, usiku baada ya usiku. Hakuna kilichotikisika. Tukabana kichwa cha nguzo kwenye jiriwa na kuizungusha fremu nzima kama usukani wa meli. Alumini ikaanza kujinyonga, na mzee akasema tuache kabla hatujalinyonga na bomba. Njia ya msumeno, ya kukata nguzo kwa urefu kutoka ndani, aliikataa pia, kwa sababu jino likipita kidogo unakata ukuta wa fremu wenye unene usiofika milimita moja.

Tukabaki na kostiki, ileile wanayotumia watengeneza sabuni. Kostiki huila alumini na kukiacha chuma. Tulikata nguzo ikabaki fupi, tukaziba chini kwa kizibo cha mpira kupitia bomba la pedali, tukaisimamisha fremu uani mahali pa wazi, tukamimina maji yaliyochanganywa na kostiki kidogo kidogo. Mchanganyiko ulichemka wenyewe, ukatoa povu la kijivu na joto la kuhisika kwa mbali. Ukiamua njia hii, usiifanye ndani ya nyumba. Gesi inayotoka ni haidrojeni, inashika moto, hivyo jiko na sigara viwe mbali. Vaa glavu ndefu za mpira na miwani ya kuziba macho, weka ndoo ya maji karibu, na watoto wasisogee. Kostiki inatiwa kwenye maji. Maji hayamwagwi juu ya kostiki. Rangi yote iliyoguswa ilibanduka, na hilo ulikubali kabla hujaanza. Tulimwaga, tukasuuza, tukarudia, mpaka nguzo ikawa nyembamba mithili ya karatasi na mzee akaitoa kwa praizi vipande vipande. Mikono ilinitetemeka kwa furaha. Kostiki, glavu na ujira wa mzee vilikula Sh 25,000.

Magurudumu yalitaka hesabu nyingine. Fremu za Kiingereza za umri huo nyingi ziliundwa kwa ringi za inchi 27, ambazo tairi lake hukaa kwenye kipenyo cha milimita 630. Tairi za 28 za Phoenix zilizojaa madukani ni za 635, hazishiki kwenye ringi hiyo, zinaruka. Tairi za 27 hapa ni za kubahatisha. Kinachopatikana kwenye mtumba ni 700C, kipenyo milimita 622. Ringi ya 700C inaingia kwenye fremu bila shida, ila ukingo wake uko chini kwa milimita 4, na breki lazima ziufikie. Kwa hiyo kabla hujalipia fremu, pima kutoka tundu la boliti ya breki mpaka mahali ukingo wa ringi utakapokaa, mbele na nyuma, ujue utahitaji breki za mkono wa urefu gani.

Upana wa nyuma, kati ya kucha na kucha, nao ulikuwa milimita 120, wa enzi za giya tano. Habu niliyopata, yaani kitovu cha gurudumu, ilikuwa ya 126. Chuma kinaruhusu kupanuliwa kwa baridi, bila moto. Mzee alitumia skrubu ndefu yenye nati, akisukuma makucha nje taratibu. Chuma hurudi nyuma kama kina kinyongo, hivyo kupata milimita 6 alikwenda mbali zaidi ya hapo, akaachia, akapima kwa kamba, akarudia, mpaka kila upande ukapata milimita 3 zake. Kisha akahakikisha makucha yanatazamana sambamba, kwa maana yakikaa mshazari ekseli huvunjika. Fremu ya alumini haifanyiwi hivi na mtu mwenye akili timamu.

Kuna jambo moja nawasihi. Mkikuta kiungo kimeachia, msiipeleke fremu ya namna hii kwa mchomeleaji wa mageti. Si kwa kumdharau. Moto wa umeme aliouzoea ni wa chuma kinene, na kwenye ukuta usiofika milimita moja utafungua tundu kabla hajainua mkono. Viungo hivi viliungwa kwa brasi au fedha, kwa moto wa gesi wa wastani. Tafuta mwenye gesi na mkono mtulivu, mwombe akuonyeshe kazi aliyowahi kufanya kwenye bomba jembamba. Kupiga mchanga kabla ya rangi nako ni vivyo hivyo: mchanga mkali na presha kubwa vinakula chuma. Yangu niliisugua kwa msasa wa mkono, nikamimina mafuta ndani ya kila bomba nikiigeuza huku na huku yapake kuta zote, nikaacha yachuruzike, ndipo ikapakwa rangi kwa Sh 60,000. Mafuta yale ya ndani, kwa sisi tunaoishi na upepo wa bahari, yana thamani kuliko rangi.

Kwa pesa taslimu, fremu ilikuwa Sh 110,000, na vingine vyote, kuanzia kostiki mpaka magurudumu, tairi, mnyororo na kiti, vimezidi mara tatu ya hapo. Anayepanga bajeti aitenge hivyo tangu mwanzo: fremu ni robo, tena robo ndogo. Na kwa anayeanza kabisa, ningemwambia atafute fremu ya chuma ya Japani, yenye stika ya mabomba ya Tange au Ishiwata. Nyingi zina hesi za kipimo cha Kiingereza, zimeungwa kwa ustadi, na muuzaji hajui kuzipandishia bei.

Ya kijani sasa inatembea, ingawa breki ya nyuma bado ni ya kuazima. Natafuta ya mkono wa milimita 57, na mwenye nayo Tanga au Korogwe aniambie bei.